Mpira wa Filta

Fundi huyu hafungi filta ya dizeli kabla ya kuupaka mpira wake mafuta safi kwa kidole, akikizungusha taratibu kama anayempaka mtoto mchanga utosini. "Mpira mkavu hujikunja, lori likavuta hewa," humwambia dereva, mume wa dada yake, kila mara kama habari mpya. Kisha hukaza kwa mkono, spana haigusi.

Leo alikaza, akasita, akafungua. "Shemeji, nimeupaka?"

"Umeupaka, nimeona."

Akakitazama kidole kinachong'aa, akakinusa, akapaka tena. Alipofungua mara ya tatu, dereva akacheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Fundi akamtazama kwa adabu, ile ya kumpokelea mteja mgeni.

"Samahani, bwana. Hili lori ni lako?"

Dereva akamngoja acheke.