Unga wa Chenga

Nimechoka kuulizwa tulikuwa tunapiga mtindo gani. Kila anayesikia kwamba niliwahi kuwa na bendi Makambako huanza na hilo: rumba? dansi? kwaya? Mpwa wangu anasema ilikuwa roki, tena ya majaribio, eti huko ng'ambo wapo wanaopiga hivyo na wanaheshimika. Haya. Sisi tuliuita muziki wa mashine, na tulikuwa watatu tu.

Mimi nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, mwenye mali mpya hakuona kazi ya bendi. Nikarudi nyumbani, mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, na gitaa la umeme kwenye nyumba isiyo na umeme. Mtu akanielekeza kwa fundi wa mashine ya kusaga kule Mahongole, Makambako, aliyekuwa akichaji betri za magari kwa injini ileile ya dizeli. Nikaenda Jumamosi moja, nikaunganisha amplifaya yangu kwenye betri palepale kibandani. Gitaa likagombana na mngurumo wa injini. Fundi akaniangalia akasema, "Kaza nyuzi wewe. Injini haikazwi." Nikakaza.

Bendi ilianza hivyo, msitafute zaidi. Baadaye fundi akagundua kuwa naye anaweza kupiga: akisukuma mpini wa mafuta mngurumo unapanda, akiurudisha unashuka. Wa tatu alikuwa binti wa Kipangwa aliyekuja kukaa kwa shangazi yake. Alikuwa kwenye foleni na debe lake la mahindi, akaanza kuimba juu ya ule mngurumo bila kuombwa na mtu. Tukamwambia arudi. Akawa anarudi kila Jumamosi, hata akiwa hana cha kusaga.

Shida ilikuwa unga. Wimbo wetu mmoja, ule mzuri, ulitaka injini ishuke katikati mpaka karibu na kuzimika, binti aimbe peke yake, kisha ipande tena. Injini ikishuka mashine haisagi vizuri, unga unatoka chenga. Akina mama wa foleni waliupenda wimbo, walitikisa vichwa, lakini walijua jioni ugali utakuwaje. "Fundi, leo tena tunakula mchanga?" wakamwambia. Na miaka ile kila aliyepata mtaji alikuwa anafungua mashine. Ng'ambo ya barabara ilikuwepo nyingine mpya, na wateja walianza kuvuka. Tajiri wa fundi, mfanyabiashara mstaarabu asiyependa maneno mengi, alimwita akamwambia kwa upole kwamba akisikia habari ya chenga mara nyingine, funguo azilete. Fundi alikuwa na watoto watano.

Tulijaribu kupiga pengine. Katika ukumbi mmoja Njombe watu walikaa na makoti yao wakiomba rumba. Bila injini tulikuwa gitaa moja na sauti moja, na fundi amekaa kitini, mikono mapajani. Baa ya karibu na stendi Makambako ilituvumilia nyimbo mbili, kisha ikawasha kaseti.

Ndipo mwenye duka la kaseti akakubali kuja Mahongole kuturekodi. Jumamosi aliyoipata ilikuwa moja, na Jumatatu yake binti alikuwa anakwenda Lugarawa, amepata kazi hospitali ya misheni. Ningemhurumia fundi ningeliacha jambo lile. Sikuliacha. Nilikuwa nimechakaa, kiwanda kimenitupa, nilitaka kitu kimoja tu cha kushika mkononi na kusema hiki nilikifanya.

Siku hiyo waliingia watu wa msiba na magunia matatu. Unga wa waombolezaji. Tulikuwa tumeshaanza, kaseti inazunguka. Tulipofika katikati ya wimbo nikamwona fundi ameshika mpini, macho kwenye yale magunia. Nikapaza sauti, "Punguza!" Injini ikashuka, binti akaimba vizuri kuliko siku zote, na unga wa msiba ukatoka chenga magunia yote matatu. Jumatatu binti alipanda basi. Jumanne fundi alipeleka funguo.

Nilimponza, na sikwenda hata kumpa pole. Nilisikia amekwenda kupasua mbao. Kaseti nilikaa nayo miaka mingi, na kila nilipoisikiliza nilizima redio kabla ya kufika katikati. Sikutaka kuisikia sauti yangu.

Mwaka jana nikamtafuta. Nilimkuta uani kwake, nikamsalimia, kamwene, hakugeuka. Mkewe akaniambia masikio yamekwisha, injini na misumeno vimeyala, niseme kwa nguvu. Kuomba radhi kwa kupiga kelele ni kazi ngumu, majirani wote wanasikia. Nikasema hata hivyo. Fundi akanitazama kama hajaelewa, akaashiria redio niliyobeba. Nikaweka kaseti. Akalaza kiganja juu ya spika, kama alivyokuwa akiilazia injini mkono kuijua hali yake.

Tukafika katikati. Safari hii sikuzima.

"Hapo," akasema, akainua kidole. "Nimeshapunguza." Ndipo, baada ya kidole chake, ikaja sauti yangu nyembamba: punguza.

Nikarudisha kaseti nyuma. Ni kweli. Injini inashuka kwanza, halafu ndiyo mimi.

"Ule wimbo ulikuwa wangu pia," akasema. "Kosa lile niachie." Kisha akamwambia mkewe alete chai, maana mgeni ametoka mbali na anaonekana amechoka.