Harufu Niliyompakazia Baba Mkwe

Ndugu zangu, hili nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilibadilisha gari langu la foo-wili litumie gesi, mtungi ukafungwa nyuma, na Majengo nzima nikaitangazia. Fundi alinionya: ukisikia harufu ya yai bovu, simama, gesi inavuja. Nikaitikia bila kusikiliza.

Baba mkwe alipofariki, niling'ang'ania gari langu ndilo limpeleke Namtumbo kuzikwa. Jeneza likawekwa nyuma, wafiwa wakaketi pembeni. Hatujafika mbali, harufu ikaja. Nani angethubutu kuitaja, na marehemu yupo? Moyoni nikamlaumu mzee wa watu, nikashusha vioo taratibu kama mtu anayesikia joto. Mama mkwe akaanzisha rozari, nasi tukaitikia huku tumebana pua.

Tulimzika kwa heshima zote. Wakati wa kurudi tukapanda tena, milango ikafungwa. Shemeji akatoa sigara na kiberiti. Mama mkwe akamshika mkono, akavuta hewa, kisha akanigeukia.

“Mkwe, mume wangu tumemwacha kaburini. Sasa humu anayenuka ni nani?”