Bega la Mpiga Pamba

Katika mji wetu wa Zifta, hapa Misri, hakuna mwanamume anayejua mambo kunizidi mimi, Zaghlul, na shule niliiachia darasa la sita kwa kuwahurumia walimu. Lakini bega la shemeji yangu Mitwalli lilinishinda.

Mitwalli alimwoa dada yangu, Mungu amrehemu. Mitwalli alikuwa mpiga pamba, fundi wa magodoro ya arusi. Tangu ndevu hazijamwota alikuwa akikaa mkekani mbele ya nyumba za maarusi, upinde mrefu mkono wa kushoto, nyundo ya mti mkono wa kulia, akiugonga uzi wa upinde mpaka pamba iliyogandamana inafumuka kama povu. Wanawake hupiga vigelegele, sharubati ikazunguka. Nilikuwa nikimwambia, "Shemeji, wewe umelaza maarusi wengi kuliko sultani," naye hunirushia kokwa la pamba.

Mwaka mmoja binti yake wa pekee, Insaf, alichumbiwa. Mitwalli alitaka kitu kimoja tu duniani: godoro la Insaf alipige yeye. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi tena kupita kifua. Hata shati alivalishwa.

Nikampeleka kwa Daktari Nermin. Yule daktari kijana alieleza vizuri, karibu kama mimi. Alisema kano ya bega ni kamba ya nyuzi ndogo mno zinazoitwa kolajeni, na katikati yake wamo mafundi, chembe hai zinazoziba palipochakaa.

"Ukizeeka, mafundi nao wanazeeka," akasema. "Wanasuka nyuzi nyembamba, dhaifu. Tena wanatoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za zamani kwa kasi kuliko wanavyosuka mpya. Na sukari ya kwenye damu inazibandika nyuzi zikakauka. Chai yako vijiko vingapi, baba?"

"Usimuulize hivyo," nikadakia. "Muulize sukari yake anatia chai kiasi gani."

Mitwalli akamgeukia daktari. "Binti yangu, mimi pamba ya miaka naipiga, inafufuka. Hii yangu kwa nini haifufuki?"

"Kwa sababu hii ukiipiga ndiyo inakatika. Imebaki kidogo sana ikatike yote. Acha upinde."

"Baada ya godoro la mwanangu."

"Kabla, baba."

Alfajiri ya siku ya godoro Mitwalli alikwenda peke yake kwa muuza dawa wa mtaani, akachomwa sindano ya kuua maumivu. Akarudi anazungusha mkono hewani kama kijana. "Unaona, Zaghlul? Daktari wako alinizeesha bure."

Sindano ile ilimnyamazisha mbwa tu. Mwizi alikuwa ndani bado.

Alipiga pamba siku ile kama nisivyopata kumwona akipiga. Uzi ulivuma, majirani wakajaa, shangazi za bwana arusi wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakahama mapaa. Alipokaribia nusu ya godoro nyundo ikamdondoka. Hakulia. Aliutazama mkono wake ulioning'inia, akajaribu kuunyanyua, ukakataa.

"Tumwite fundi mwingine," akasema shangazi mmoja.

"Hapana," akasema Mitwalli, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Kwetu bibi arusi hagusi pamba ya kitanda chake kabla ya usiku wake. Wanasema akiigusa, anajigusia upweke wa maisha. Insaf alitoka ndani, akapita katikati ya wanawake, akaketi mkekani nyuma ya baba yake. Akaokota nyundo.

"Shika upinde, baba. Mimi nitagonga."

"Mwanangu, watasema."

"Waseme. Nigonge wapi?"

"Karibu na mkono wangu. Polepole."

Vigelegele vilikatika. Mtaa mzima ulisikia uzi tu, na Mitwalli akinong'ona, "Hapo. Tena hapo." Machozi yalimtiririka mpaka ndevuni, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, wa kushoto ulikuwa umeshika upinde. Nilimfuta mimi kwa kilemba changu.

Godoro lilikwisha jua likizama. Walipolipakia kwenye mkokoteni nikamwambia, "Hongera, shemeji, kazi yako imekamilika."

"Nusu yangu," akasema. "Nusu nimembebesha bibi arusi."

Mkono haukurudi. Juma lililofuata alikuja mama mmoja kuagiza godoro la bintiye. Mitwalli alimkaribisha kwa adabu, akamwelekeza kwenye duka la magodoro ya sponji, yale yaliyokuwa yakiua kazi yake, katika mtaa ambao kwa chuki alikuwa hapiti. Akamtajia hata jina la mwenye duka, na kumwambia asikubali bei ya kwanza. Kisha akabaki mlangoni, akimtazama yule mama mpaka alipokata kona.