Kopo la Vifungo

Kwenye chumba cha pasi cha hoteli walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa, na hakuna aliyethubutu kugusa meza yake bila ruhusa. Shati likitoka mikononi mwake, kila kunyanzi limeomba radhi. Alisimama hapo saa nane kwa siku kama sheria inavyotaka, na nyingine mbili au tatu kama msimamizi anavyotaka, mpaka jioni miguu imevimba na viatu vimegoma kuvuliwa.

Moyoni alikuwa na jambo moja tu: kukaa na mama yake. Mama aliishi peke yake, mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Mwaka aliopata kazi, siku tatu kabla ya kuripoti, binti alikwenda kumwona, akafika jioni, asubuhi akawa mlangoni na mkoba. Mama alimtazama toka juu mpaka chini.

“We mtoto, umekuja kuomba moto? Hata kukaa hujakaa.”

Neno hilo lilimwingia. Siku ya mapumziko ni moja kwa wiki, na basi linaimeza yote kwa kwenda tu. Likizo ni siku ishirini na nane kwa mwaka, zinatosha nini? Akakata shauri asizichukue kidogokidogo. Atazikusanya, mwaka juu ya mwaka, kisha akae na mama msimu mzima, toka kupanda mpaka kuvuna.

Sasa, kwenye mashine za kufulia hubaki vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wageni. Desturi ya pale ni kwamba vikae wiki moja kwenye kisahani, visipoulizwa ni vya atakayevitaka. Mama Pasi alivichukua. Kila siku ya likizo ambayo hakuitumia aliitilia kifungo kimoja kwenye kopo. Karatasi ya likizo ikipita, aliandika “Nitachukua baadaye” na kutia sahihi, na msimamizi alimsifu mbele ya wote kwa kujitolea. Angekosaje kumsifu?

Sheria ya likizo ilikuwa imebandikwa, usije ukadhani hoteli ile ilikuwa ya kihuni. Ilibandikwa ukutani, nyuma ya mlango. Ungeiona mlango ukifungwa, na mlango wa chumba cha pasi haufungwi, maana humo ndani joto lingeua mtu. Miaka tisa karatasi ile ilikaa hapo bila kusomwa na yeyote, na mimi mpaka leo nikiifikiria damu inanichemka.

Kila Jumapili alipiga simu. “Nakusanya siku, mama. Vumilia.” Na mama alivumilia.

Mwaka wa tisa, jirani wa mama ndiye aliyepiga. “Dada, mama hali chakula tena. Anakuulizia wewe tu.”

Asubuhi ile ile Mama Pasi aliingia kwa afisa utumishi, bwana wa makamo mwenye sauti ya chini, akamimina kopo mezani. Kifungo kimoja kilidondoka sakafuni. Aliinama akakitafuta kwanza, ndipo akaketi.

“Vya nini hivi, dada?”

“Likizo yangu. Siku mia mbili hamsini na mbili. Mama anaumwa, nataka nikakae naye.”

Afisa hakucheka, hilo nampa. Alifungua jalada lake, akatazama sahihi moja baada ya nyingine.

“Dada yangu, likizo haiwekwi akiba. Mwaka ukiisha hujaichukua, imekwenda. Iliyopo ni ya mwaka huu tu.” Kwa kidole akatenga vifungo ishirini na nane, vilivyobaki akavisogeza pembeni. “Na hii nayo huombwa wiki mbili kabla. Itaanza Jumatatu ya wiki ya tatu.”

“Ya kuuguza je?”

“Ya ugonjwa ni ukiumwa wewe. Ya mzazi ipo…” Akainamisha macho kwenye jalada. “Ni akifariki. Siku nne.”

Wapo watakaosema angeondoka tu, liwalo na liwe. Kusema ni rahisi ukiwa umekaa. Kazi ile ndiyo iliyomnunulia mama dawa, na aliyeondoka bila ruhusa hapo hakupokelewa tena. Akatia sahihi. Kisha akatoka uani na kupiga simu.

“Mama, nakuja. Nakaa mwezi mzima.”

“Mwezi? Si ulisema mpaka tuvune?”

“Zimepungua, mama.”

“Basi njoo na hizo hizo, mwanangu.”

Mama alifariki siku ya Jumanne, zikiwa zimebaki siku sita Jumatatu ile ifike.

Siku nne za msiba alipewa papo hapo, bila hata kuulizwa swali. Moja ililiwa na basi la kwenda, moja na la kurudi. Katikati alimzika mama yake. Nyumbani alikuta mama alikuwa akilalia godoro lililobonyea katikati, na ukutani limesimamishwa jingine jipya, bado liko ndani ya nailoni yake, nailoni imeanza kuwa njano.

“Alikuwekea wewe hilo,” jirani alisema. “Hata alipozidiwa tulimwambia alale pazuri. Akasema la mwanangu, la akija kukaa.”

Mama Pasi alilia mpaka sauti ikakauka. Hakulilalia.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa mezani kwake, pasi imeshapata moto. Msimamizi alisimama mlangoni na karatasi ya zamu.

“Mama Pasi, pole sana. Lakini leo si umeanza likizo? Nimeshakutoa kwenye zamu, siku zote ishirini na nane. Nenda dada, ni haki yako.”

Aliiweka pasi chini taratibu, akafuta mikono kwenye aproni.

“Niende kwa nani?” akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelekezwa.