Siku Moraa Alipotulia

Juzi nilifungua sanduku la bati la marehemu baba, nikapigwa na harufu ya ngozi kuukuu iliyokula unyevu, kama ya kiatu kilichofungiwa msimu mzima wa mvua. Sikuhitaji kutazama ndani. Ilikuwa kamera yake, na papo hapo nikawa tena uani kwetu Nyaramba, miaka ya tisini, nimebanwa katika gauni la Sabato siku ambayo si Sabato.

Babu aliipata kamera hiyo kwa mzungu aliyempikia kwenye mashamba ya chai kule Kericho, na baba alipoirithi akaienzi kuliko ng'ombe. Ilikuwa kisanduku tu cha kadibodi nene kilichovikwa ngozi nyeusi: mbele jicho la kioo, juu kidirisha cha kuchungulia, nyuma kitundu chekundu cha kuonyesha namba ya picha. Jua la kwetu ni la kubahatisha, kwa hiyo baba aliiweka juu ya kigoda na kuvuta kipande cha chuma ili kimlango cha ndani kisijifunge chenyewe kabla mwanga haujatosha. Alikifungua kwa kidole, akahesabu kimoyomoyo, akakifunga. "Mwanga ndio unaochora," alitueleza. "Ukisogea, utachorwa ukungu."

Siku ya Sabato yenyewe hakuthubutu. Magokoro, mama yake baba, alisema kupiga picha ni kazi kama kuchuma chai. Basi tulivaa upya Jumapili, na majirani Wakatoliki wakielekea misa walituuliza kama hatimaye tumehamia kwao.

Ukungu wetu ulikuwa Moraa, mdogo wangu. Mtoto yule hakujua kukaa. Baba akisema "Kira," yaani tulieni, ndipo Moraa alipoona kuku wa kufukuza. Katika kila picha mimi, mama na Magokoro tulikuwa tumekauka kama vigingi, na kando yetu kulikuwa na moshi wenye miguu miwili. Baba alihuzunika kweli. "Nataka uso wa mtoto huyu mara moja tu," alikuwa akisema.

Jumapili moja, mvua ndefu zikielekea kwisha, Moraa alitulia. Aliketi alipoambiwa, mikono mapajani, akatazama kioo. Kuku walipita mbele yake, hakugeuka. Baba alifunga kimlango, akainuka akicheka. "Leo Moraa wangu amekua."

Magokoro alimshukuru Mungu. Mama alimpa ndizi mbivu, ikabaki mkononi mwake bila kumenywa. Mimi niliona wivu, maana nilikuwa nimetulia miaka yote na hakuna aliyewahi kunisifu. Shuleni tulikaririshwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini uani pale hakuna aliyeukumbuka msemo huo.

Jioni Moraa alikuwa akitetemeka chini ya blanketi mbili. Malaria ilikuwa imepanda milimani mwaka ule, nasi tulizoea kuiita ugonjwa wa watu wa ziwani. Tulimpa vidonge vichungu vya dukani, akavitapika. Kulipokucha baba alimbeba mgongoni hadi hospitali, na akarudi naye amefunikwa shuka. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Picha ile ilikuwa ya mwisho kwenye filamu, na kwa miezi mingi baba hakuwa na moyo wa kuigusa kamera. Mwishowe akaipeleka filamu Kisii mjini, nami nikamfuata. Mzee wa Kihindi mwenye studio, aliyezoea kuona ule moshi wetu, alitandaza picha juu ya kaunta na kuigonga moja kwa ukucha.

"Mzee, leo nimefurahi," alisema. "Ile mtoto yako ya kukimbia imekaa vizuri. Hata macho inaonekana."

"Asante," baba alijibu, akazitia kwenye bahasha.

Nyumbani mama aliitazama picha muda mrefu. Macho ya Moraa yalikuwa makubwa na mazito, midomo imekauka. Ugonjwa wote ulikuwa pale, mbele yetu, nasi tulikuwa tukiiangalia kamera. Mama aliirudisha kwenye bahasha, akachagua moja ya zile picha za zamani, akaitia kwenye fremu na kuitundika ukutani. Nilikasirika sana. Ana uso wa mtoto wake, na anatundika picha iliyoharibika! Wageni walipouliza ule moshi ni nini, alijibu, "Ni Moraa," kisha akawaongezea chai.

Miaka ilipita kabla sijamwelewa. Picha yenye uso ilikuwa ya malaria. Mtoto wake alikuwa kwenye ile iliyoharibika. Juzi, nilipofunga sanduku, nilishusha ile ya ukutani nikaja nayo kwangu. Ile yenye uso nimeiacha humo, chini ya kamera.

Nina binti sasa, naye hatulii. Anavunja vikombe, ananichosha, nami nampigia kelele kama mzazi yeyote. Lakini akikaa kimya hata kidogo, naacha nilichoshika na kwenda kumgusa paji la uso.