Wafanye Nini Kesho Asubuhi

Mwaka wangu wa kwanza kazini Tabora, mkuu wangu wa idara alinituma Urambo nikazungumze na wakulima kuhusu sumu ya majani mabichi ya tumbaku. Nilijifungia chumbani kwangu, mtaa wa Ipuli, siku tatu nikitengeneza slaidi. Niliweka mchoro wa ngozi, kemia ya nikotini, hata historia ya zao lenyewe. Nilitaka mkuu wangu aone kwamba sikusoma bure.

Wakulima walinisikiliza kwa adabu, wengine wakificha miayo kwa viganja. Nilipomaliza, mama mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwanangu, umesoma, tumeona. Sasa mimi kesho asubuhi nikienda kuchuma, nifanye nini?"

Jibu nilikuwa nimelisukuma kwenye slaidi za mwisho, na hizo nilizipita mbio kwa kukosa muda. Nikababaika. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Niliporudi ofisini nilimsimulia mama wa masijala, mtu mzima aliyelelewa kwenye mashamba ya tumbaku.

"Yale maneno ulimwandalia nani?" akaniuliza.

"Wakulima, mama."

"Wakulima gani? Ulimwandalia mkuu wako."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Akanisogezea karatasi. "Andika jambo moja unalotaka wakalifanye. Likikushinda kuandika kwa mstari mmoja, basi hujajua unachokwendea."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: Jani lenye umande lisiguswe kwa mkono mtupu.

Wiki mbili baadaye niliomba ruhusa nikarudi Urambo. Projekta niliiacha ofisini. Nilibeba shati la mikono mirefu, jozi ya glavu na jani nililolilowesha maji. Nikavaa mbele yao, nikalishika lile jani, nikawaeleza kwamba maji yake hupitisha sumu kwenye ngozi, ndipo mtu anapopata kizunguzungu na kutapika. Anayeweza, angoje umande ukauke.

Mama yule wa mstari wa mbele akasimama. "Kutapika?"

"Ndiyo, mama."

Akakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Msimu uliopita binti yangu alikuwa akitapika kila akitoka shambani. Nikasema ana mimba. Nilimwita mhuni mbele ya baba yake. Analia, anakana, na mimi nazidi kumgombeza."

Mwanamke aliyekaa naye akamshika mkono, akamketisha taratibu.

Baadaye yule mama akaniomba zile glavu. Nikampa.

"Nitampelekea mwenyewe," akasema. "Na nina maneno ya kumwambia."

Wazee nao walikuwa wameanza kubishana: nani ataweza kuchuma kwenye jua la saa nne? Kuna waliosema waanze na mashamba ya juu, ambako umande huwahi kukauka. Nilivuta kiti nikakaa katikati yao, nikasikiliza.