Soda ya Mama Kanini

Ngina alikuwa mnene tangu usichana wake, na hakuwahi kuona aibu kwa hilo mpaka siku alipopimwa kwenye mizani ya kahawa. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Alikuwa mchumaji katika shamba moja la Wazungu karibu na Ruiru, na Wilkister, nesi wa zahanati ya shamba, alikuwa amemwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari. Zahanati ilikuwa na mizani ya watoto tu, kwa hiyo nesi akampeleka mahali pa kupimia magunia. Karani Kagwe akasoma kwa sauti: ratili mia mbili na kumi na mbili. Wachumaji wakacheka. Ngina akacheka nao, kisha akaenda kulia nyuma ya matangi ya kuoshea kahawa.

Nesi alimtaka aache sukari na apunguze ratili thelathini.

Mumewe, Mulei, aliishi Thika, alikofanya kazi katika karakana ndogo ya soda ya Mhindi mmoja aliyeitwa Premji. Alikuja Ruiru kwa treni kila Jumamosi. Walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, Kanini, aliyechukuliwa na surua akiwa na miaka minne, lakini bado waliitana Mama Kanini na Baba Kanini, kana kwamba yuko nje anacheza. Mulei hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliposikia kwamba mkewe amekatazwa sukari, alimwomba Premji vidonge vya sakarini, vile vya kutia utamu bila sukari, akachanganya soda ya tangawizi kwa mkono wake na kuijaza gesi baada ya saa za kazi. Jumamosi hiyo alishuka na chupa sita kapuni, amezizungushia nyasi zisigongane.

"Kunywa, Mama Kanini," alisema. "Haina sukari hata chembe. Nimekutengenezea wewe peke yako."

Ngina alikunywa, na Mulei alikaa akimtazama mpaka chupa ikaisha. Tangu walipomzika mtoto, hakuwa amemwona mumewe na uso wa furaha namna ile.

Basi ikawa chupa sita kila wiki, chupa moja kila siku ya kazi. Mwezi wa kwanza Ngina alipungua ratili nne. Mwezi wa pili zilirudi zote, na mbili juu yake. Wilkister alimuuliza anakula nini. Ngina akasema kweli: soda ile ikishapita kooni, mdomo ulikuwa unaamka. Alikuwa anataka kitu kitamu kingine, cha kutafuna, na kabla hajajua amemaliza sufuria ya viazi vitamu. Siku alizokunywa maji matupu hakusumbuka hivyo.

 Nesi alisema kwamba soda yenyewe haikuwa na kosa analolijua, na kwamba kuna wagonjwa wanaoitumia bila shida. "Lakini wewe, mama, naona inakuvuta. Ipunguze. Anza na moja kwa wiki, tuone."

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Ngina hakuweza kumwambia Mulei. Kila Jumamosi alipokea chupa sita na kushukuru. Alikunywa moja mbele yake, na zile nyingine akazisukuma chini ya kitanda. Mambo yakaenda vizuri. Baada ya wiki sita alisimama tena kwenye mizani ya Kagwe, na safari hii hakuna aliyecheka: mia moja tisini na tano.

Alipanga kumwambia mumewe zitakapopungua ratili zote thelathini, ili habari zote mbili zifike pamoja.

Mulei alikuja Jumatano moja bila kutazamiwa, maana mashine ya gesi ilikuwa imeharibika. Mkewe alikuwa bado shambani. Mulei aliinama kutafuta kandambili zake, akakuta chupa chini ya kitanda, zimejaa, zimepangwa mpaka ukutani. Ngina alipoingia alimkuta amezitoa zote, ziko katikati ya chumba.

Alijaribu kumweleza. Alimwambia habari ya nesi, ya viazi, ya mizani. Mulei alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekuletea maji."

Akachukua kofia yake akarudi Thika. Jumamosi hiyo hakuja, wala iliyofuata.

Katika siku hizo Ngina alikanyaga kisiki cha mti wa kahawa uliokatwa, kikamtoboa wayo. Alikifunga kidonda kwa kitambaa akaendelea kuchuma. Wilkister alikuwa likizo kwao Kisumu. Wachumaji wenzake walimsihi Ngina atume habari Thika, akakataa. Alisema mumewe atakuja mwenyewe hasira zikiisha, na yeye hataki kumwita kwa sababu ya ugonjwa.

Mulei alikuja Jumamosi ya tatu, mikono mitupu, na maneno ya kuomba msamaha aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na Ngina hakumtambua. Alimpeleka hospitali ya Thika kwa lori la shamba, kichwa cha mkewe mapajani mwake. Ngina alifariki Jumanne.

Wilkister aliporudi, Mulei alimwuliza kama ni soda iliyomuua. Nesi alimwambia hapana, ni kidonda. Mulei akauliza kama kidonda kingewahiwa kingepona. Nesi akaanza kupanga dawa zake, na Mulei hakurudia swali.

Ilimbakia Mulei kwenda Kangundo kupeleka habari kwa mama yake Ngina, bibi mmoja mzee aitwaye Ndila. Bibi alimkaribisha kiti na kusikiliza habari yote bila kulia. Aligusa tu neno moja, lile la kupungua uzito. Mtoto wake, alisema, hakuwahi kulala na njaa katika nyumba hii, hata mwaka ule mvua ilipokosekana.

"Alikufa na njaa, mwanangu?"

Mulei alitazama mikono yake. Hakujua, na alimwambia hivyo.